Maswali ya Wasomaji: Usukani wa Gari la Kifahari la Zamani Kabla ya Kuvuka Mpaka

SWALI: Shikamoo fundi wa ukurasa huu. Marehemu baba alituachia gari aina ya Toyota Celsior la mwaka 1991, lenye injini ya V8, ambalo alilitunza sana na kulitoa kwa safari za shughuli tu. Familia tumekubaliana kuliuza, na tumempata mnunuzi wa Lusaka, mpenzi wa magari ya zamani, ambaye atalipokea Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, na kuliendesha mwenyewe hadi kwake. Tatizo ni usukani. Asubuhi za baridi huwa mzito na pampu hunguruma. Oili ya usukani hupungua kila wiki ingawa chini ya gari sioni tone, injini ikiwashwa hutoa moshi mweupe kwa muda, na altaneta, ile inayochaji betri, imekwisha kufa mara mbili. Nikifikisha mwendo wa 80 kuelekea Makambako gari linayumba, na nikikanyaga breki usukani unatetemeka mikononi. Gereji moja ya hapa imenishauri nimimine dawa ya kuziba uvujaji, nipunguze bei kidogo, na mengine atajua mnunuzi. Je, ushauri huo unafaa?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Marahaba, na poleni sana kwa msiba wa mzazi. Ushauri huo haufai, na ninakuomba usiufuate. Gari hilo lisivuke mpaka kabla usukani wake haujatengenezwa na kujaribiwa. Kutoka Mafinga hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 300, na njiani kuna mteremko wa Iwambi, ambao madereva wa barabara kuu ya Tanzania na Zambia wanaujua kwa ajali zake. Kutoka Nakonde hadi Lusaka zinabaki takriban kilomita 1,000 nyingine, ambazo mnunuzi wako ataziendesha katika gari asilolizoea, akipishana na malori ya mizigo mchana na usiku. Punguzo la bei halitamfaa kitu siku usukani utakapomgomea kwenye kona.

Sasa tulitazame gari lenyewe. Celsior ndilo gari ambalo nje ya Japani liliuzwa kwa jina la Lexus LS 400. Lilianza kuuzwa mwaka 1989, na lenu ni la kizazi cha kwanza, kilichoendelea hadi 1994. Injini yake ni ya silinda 8 na ujazo wa lita 4, na usukani wake ni wa raki, yaani fito la meno linalosogea kushoto na kulia kuyageuza magurudumu, likisaidiwa na oili inayosukumwa na pampu. Gari hili liliundwa kwa uangalifu mkubwa mno, na katika dalili ulizozitaja sioni gari bovu, naona mpira uliozeeka. Sili na oringi, yaani mipira midogo ya kuzuia oili isivuje, pamoja na mipira ya kupitishia oili, kama havijawahi kubadilishwa, vina umri wa zaidi ya miaka 30, na mpira wa umri huo huwa umekakamaa hata kama gari lilikuwa limefunikwa muda wote. Baridi ya Mafinga ya miezi ya Juni na Julai huzidisha ukakamavu huo na kuifanya oili nayo iwe nzito, na ikiwa kiwango chake kwenye chupa kimeshuka, pampu hunyonya hewa pamoja na oili. Ndiyo maana inanguruma asubuhi, kisha inatulia injini ikipata moto.

Jambo lililonivutia zaidi katika barua yako ni kwamba oili inapungua bila kudondoka chini, kwa sababu likiunganishwa na moshi mweupe na altaneta zilizokufa, linaeleza karibu kila kitu. Katika gari hili pampu ya usukani imekaa juu ya altaneta. Sili ya shafti ya pampu inapochoka, au mpira wa kuleta oili unapolegea, oili huidondokea altaneta, huingia ndani, huloanisha brashi zake na kuiua polepole, na kwa kuwa sehemu kubwa ya oili hiyo inabaki kwenye altaneta na vitu vinavyoizunguka, ardhini huoni kitu. Fundi anayebadilisha altaneta bila kuigusa pampu anamwachia mwenye gari gharama ileile irudi tena, na hivyo ndivyo ilivyokutokea.

Uvujaji wa pili, ambao ndio unaoleta moshi, hauonekani kabisa kwa nje. Kwenye pampu kumefungwa vali ndogo ya hewa yenye mipira miwili myembamba inayokwenda kwenye njia ya hewa ya injini. Kazi yake ni kuiongezea injini hewa kidogo pale dereva anapozungusha usukani gari likiwa limesimama au linatambaa, ili injini isielemewe na mzigo wa pampu ikazimika. Vali hiyo ikiharibika kwa ndani, injini huvuta oili ya usukani kupitia mipira hiyo na kuiunguza pamoja na petroli. Kuthibitisha si kazi kubwa: zima injini, chomoa mipira hiyo miwili upande wa vali, na utazame ndani yake. Ukikuta oili, vali imekufa. Wapo mafundi wanaoziba njia hizo na kuliacha gari hivyo, nami nakubali kwamba kwa siku moja au mbili za uchunguzi njia hiyo inasaidia kuona kama moshi unakoma. Lakini gari linalokwenda kwa mtu mwingine lifungwe vali nzima, kwa sababu bila vali hiyo injini huenda ikazimika dereva anapoegesha, na injini ikizimika msaada wa usukani nao unaondoka papo hapo.

Kuhusu dawa ya kuziba uvujaji, nitasema wazi. Dawa za namna hiyo hulainisha mpira na kuuvimbisha, kwa hiyo sili iliyochoka huziba kwa muda na mwenye gari hufurahi. Baadaye mpira uliolainishwa hupoteza nguvu zake, na uvujaji unaorudi huwa mkubwa kuliko wa kwanza. Kwa maneno mengine, dawa hiyo inaahirisha tatizo lako hadi gari liwe Mpika au Kapiri Mposhi, huko Zambia, mikononi mwa mtu ambaye hakuambiwa. Vilevile, mtu yeyote asikudanganye kuongeza oili ya breki kwenye chupa ya usukani pale unapokosa oili inayotakiwa. Oili ya breki ni ya asili nyingine kabisa na huharibu sili za mfumo huu. Gari lako linatumia oili ya gia otomatiki, aina ya Dexron II au Dexron III, ambayo maduka mengi ya oili ya Mbeya na Iringa wanayo.

Kwa hiyo pampu ishushwe, ioshwe, ifunguliwe mezani na fundi mwenye subira, ibadilishwe sili ya shafti na oringi zote, na beringi yake ichunguzwe. Shafti ikiwa na mchirizi pale sili inapokaa, sili mpya haitadumu, na hapo ndipo pampu nyingine inapohitajika. Ukiagiza pampu ya mtumba kutoka Gerezani au kwingineko Dar es Salaam, ifungue nayo uibadilishie sili kabla ya kuifunga, maana imezeeka sawa na hiyo unayoitoa. Mipira ya oili ikaguliwe kwa kuikunja kwa mkono: wenye nyufa ubadilishwe, hasa ule wa shinikizo kubwa. Tazama pia mkanda unaozungusha pampu na altaneta, kwa kuwa mkanda uliokwisha kulowa oili huteleza na kupiga kelele usukani unapofikishwa mwisho.

Pampu ikirudi, oili yote ya zamani itolewe. Magurudumu ya mbele yainuliwe na gari likae juu ya stendi imara, mpira wa kurudishia oili uelekezwe kwenye chombo cha kupokelea oili chafu, kisha usukani uzungushwe kutoka mwisho huu hadi mwisho ule huku oili mpya ikiongezwa, mpaka inayotoka iwe safi. Kazi hiyo ianze injini ikiwa imezimwa, ili hewa itoke taratibu bila kupigwa povu. Ukiona povu kwenye chupa baada ya kuwasha, bado kuna hewa, urudie. Usishikilie usukani kwenye mwisho wake kwa zaidi ya sekunde chache, kwani pampu hupata moto mkali. Mfumo huu una pia vali ya umeme inayobadilisha uzito wa usukani kulingana na mwendo, yenye kichujio kidogo ambacho huziba kwa uchafu wa miaka. Kama uzito hauondoki hata baada ya pampu kuwa nzima, fundi akitazame hicho kabla ya kuilaumu raki.

Raki yenyewe ichunguzwe kwa kukamua mipira inayofunika ncha zake. Mpira ukiwa umejaa oili, sili za raki zimekwisha. Ukiwa umepasuka na ndani kuna vumbi na kutu, usikubali kubadilishiwa sili peke yake, kwa maana chuma chenye vishimo vya kutu kitazichana sili mpya mapema mno.

Hayo yote ni upande wa oili. Kuyumba na kutetemeka ni ugonjwa mwingine, na ndio unaonitia wasiwasi kuliko ule wa kwanza. Msaada wa oili ulibuniwa kwa ajili ya magari mazito. Mmarekani Francis W. Davis aliufanyia kazi tangu miaka ya 1920, na gari la kwanza la abiria kuuzwa nao lilikuwa Chrysler Imperial la mwaka 1951. Dereva alipunguziwa kazi, lakini mikono yake ilipunguziwa habari pia, kwa kuwa boljointi (kiungo chenye kigololi kinacholiwezesha gurudumu kugeuka) inayocheza, ambayo katika gari la usukani mkavu, usio na msaada wa oili, ungeihisi mapema, katika gari kama lenu hujificha nyuma ya ulaini wa oili mpaka uchakavu wake uwe mkubwa. Kwa hiyo usitegemee mkono, tegemea macho. Gari likiwa limesimama chini kwa magurudumu yake na injini ikinguruma taratibu, mtu mmoja auchezeshe usukani kidogo kushoto na kulia, na mwingine alale chini akitazama kila kiungo, kuanzia tairodi, yaani fimbo zinazotoka kwenye raki kwenda kwenye magurudumu, hadi boljointi za chini na za juu. Ukingo wa usukani usisogee zaidi ya milimita 30 kabla magurudumu hayajaanza kuitikia. Kisha gurudumu liinuliwe na kutikiswa kwa kushikwa juu na chini, halafu kwa kushikwa kulia na kushoto. Likicheza kwa kushikwa kulia na kushoto, tazama tairodi na ncha za raki. Likicheza juu na chini, tazama boljointi na beringi.

Kwa dalili ya kutetemeka wakati wa breki, ningeanza na bushi, yaani mipira ya viungo, za zile fimbo zinazouzuia mkono wa chini ulioshika gurudumu usisogee mbele na nyuma, kwa sababu katika magari haya bushi hizo huchoka na kuliacha gurudumu lirudi nyuma kila unapokanyaga breki. Diski zilizopinda nazo hutetemesha usukani, kwa hiyo zipimwe pia. Boljointi isigongwe kwa nyundo ili ibane, wala tairodi isichomelewe. Ninajua kwamba kazi hizo hufanyika, na ninajua kwamba zina bei nafuu, lakini boljointi ikichomoka gurudumu hulala, na hakuna dereva anayeweza kufanya jambo lolote la maana baada ya hapo. Zifungwe mpya, nati zikazwe kwa kipimo, na kila nati iliyoundwa kuwa na pini ya kuizuia isifunguke ifungwe pini mpya. Mwisho kabisa, baada ya vyote hivyo, ndipo gari liende kufanyiwa alaimenti, yaani kupimwa na kunyooshwa magurudumu. Anayefanya alaimenti kabla ya kubadilisha bushi na boljointi anapima kitu kitakachohama kesho.

Gari likishakuwa tayari, liendesheni hadi Makambako na kurudi, likiwa na oili iliyojazwa hadi alama, kisha lilale usiku mzima na asubuhi mtazame alama hiyo kabla ya kuwasha. Mpanguse altaneta na karatasi nyeupe muone kama kuna unyevu. Ikiwa kavu na alama haijashuka, pampu imepona.

Nimalizie kwa habari ya gari hilihili. Mwezi Desemba 1989, miezi michache baada ya Lexus LS 400 kuanza kuuzwa Marekani, wateja wawili walilalamika kuhusu hitilafu ya waya na taa ya breki iliyopata moto kupita kiasi. Kampuni iliyarudisha magari yote 8,000 yaliyokwisha kuuzwa, ikayatengeneza bila malipo, na mafundi wake wakayafuata mengine majumbani kwa wenyewe. Malalamiko yalikuwa mawili tu, na hapakuwa na sheria iliyomlazimisha mtu kwenda nyumbani kwa mteja. Gari la marehemu baba yenu lilizaliwa katika utaratibu huo, nami ningependa sana kuona likiondoka mikononi mwenu kwa heshima hiyohiyo.

SWALI: Ndugu fundi, nina Mercedes-Benz ya mwaka 1986, ile ya umbo la W126, na kuna mzee wa Karonga, Malawi, anayeitaka, hivyo itapita mpaka wa Kasumulu. Usukani ulikuwa unacheza. Fundi amekaza skrubu iliyo juu ya stelingi boksi mara kadhaa, mchezo umepungua, lakini sasa nikikata kona usukani haurudi wenyewe katikati. Nimpe mzee gari lilivyo?
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Hapana, ndugu yangu, usimpe bado. Gari lisilorudisha usukani katikati ni la hatari zaidi kuliko lile lililokuwa linacheza, hasa katika barabara ya kutoka Tukuyu kushuka Kyela, ambako kona hufuatana na mvua haiishi mapema. Dereva hukata kona, hutarajia gari lijinyooshe, nalo huendelea kuelekea alikolielekeza.

Gari lako halina raki. Lina boksi ambalo ndani yake kuna vigololi vinavyozunguka kwenye mfereji wa skrubu, na lile skrubu dogo la juu lipo kwa ajili ya kurekebisha uchakavu mdogo wa boksi lenyewe. Linarekebishwa magurudumu yakiwa yamenyooka, boksi likiwa limetenganishwa na fito zinazokwenda kwenye magurudumu, na kwa kupima uzito wa kulizungusha. Kulikaza kwa kukisia, gari likiwa limefungwa kila kitu, hulibana boksi katikati, na ukiliendesha hivyo kwa muda mrefu unaliharibu boksi lote. Basi kwanza skrubu lirudishwe nyuma mpaka usukani uwe huru.

Kisha mtafute mchezo pale unapopatikana mara nyingi katika magari haya ya 1979 hadi 1991, yaani nje ya boksi. Upande ulio mkabala na boksi kuna mkono msaidizi unaozungukia bushi. Bushi hizo na bolti yake huuzwa kama seti, na zikichakaa gari zima huyumba ingawa boksi ni zima. Baada ya hapo tazameni tairodi, fito la katikati, kiungo kidogo kinachounganisha shafti ya usukani na boksi, na shokapu ndogo ya usukani, ambayo watu wengi hawajui kwamba ipo. Boksi liguswe la mwisho. Chupa ya oili iliyo juu ya pampu ina kichujio cha karatasi ndani yake, na gari likiwa limepita mikono mingi kuna uwezekano mkubwa kwamba hakijawahi kubadilishwa. Nina imani kwamba seti ya bushi na tairodi mbili vitarudisha usukani wako mahali pake kwa gharama ndogo kuliko boksi jipya, na mzee wa Karonga atapata gari ambalo bado lina miaka mingi mbele.

SWALI: Fundi, nikishalitengeneza gari la kuuza nje, je, kuna haja ya kumweleza mnunuzi lilikuwa na tatizo gani? Naogopa atapunguza bei.
Msomaji, Mwanjelwa, Mbeya

JIBU: Haja ipo, na umweleze kwa maandishi. Mambo ya TRA, forodha na polisi yana ofisi zake, nami siyaingilii hapa. Ninachokuomba ni karatasi moja zaidi, iliyoandikwa na fundi aliyefanya kazi, ikitaja dalili zilizokuwepo, vipuri vilivyobadilishwa kwa majina yake, ni vipya au vya mtumba, aina ya oili iliyowekwa, tarehe, na kilomita zilizosomeka siku hiyo. Ambatisha risiti na karatasi ya alaimenti. Vipuri vilivyotolewa usivitupe, vitie kwenye boksi na uviweke kwenye buti, ili fundi wa upande wa pili avione. Mnunuzi wa gari la kifahari lenye umri wa miaka 30 anajua kwamba sili zake zimezeeka, na asiyeambiwa lolote hukata bei kwa kubahatisha, naye hubahatisha juu. Akiwa na karatasi hiyo atajua pia lini aitazame tena ile alama ya oili: baada ya kilomita 500 za kwanza, injini ikiwa baridi na gari likiwa mahali tambarare.